Nzuri, Ila Umeme Umekatika

Ukimkuta Luhende amelala barabarani, baiskeli iko juu yake na gurudumu la nyuma bado linazunguka, ukamuuliza habari, atakujibu nzuri. Na yeye atakuuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, na atasubiri majibu yote matatu. Akishaona salamu imetimia, ndipo atasema, "Ila nadhani mguu umevunjika."

Sote tunajibu hivyo, usidhani namcheka yeye peke yake. Tofauti ni kwamba wengi wetu tunaifikia hiyo "ila" haraka haraka, mgonjwa akiwa bado hai. Luhende alikuwa na subira nayo. Mwaka wa tisini na nne chama cha ushirika wa pamba kilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa baada ya miaka kumi na minne katika chumba cha kompyuta, alirudi kwake Mkolani, akala, akauliza habari za kuku, akalala. Wiki tatu alikuwa akiamka na kuvaa shati la kazi. Wiki ya nne akamwambia mkewe, "Kazini ni kwema, Mama Kija, ila kazi yenyewe ndiyo haipo."

Mkewe, Bernadeta, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mtu wa kusikia kelele za watoto hamsini na kujua ni yupi anayedanganya. Hakushangaa. Alikuwa ameishi na mtu huyu tangu mwaka wa sabini na nane, na alishajifunza kwamba habari ya Luhende huanza pale wengine wanapodhani imekwisha.

Miaka mitatu Luhende alitengeneza redio za watu na kuwaandikia barua za maombi. Halafu Rahim akamwita. Rahim alikuwa wa ukoo uliouza vitambaa mjini Mwanza tangu enzi za babu yake, na biashara ilipofunguliwa akaacha vitambaa akajenga kiwanda cha minofu ya sangara ukingoni mwa ziwa. Alihitaji mtu wa kompyuta. Akampa Luhende miezi mitatu ya majaribio: mwisho wake, ama anaajiriwa, ama anashukuriwa aende zake. Na Luhende alikuwa na miaka arobaini na sita, umri ambao mtu hashukuriwi mara mbili akapata tena pa kwenda.

Nyumbani alisema, "Nimepata kazi." Neno la majaribio hakulitaja. Safari hii hakuweka "ila" yoyote, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki miezi yote mitatu.

Sasa nikueleze kuhusu hiyo kompyuta, maana ndiyo yenye kesi.

Mpwa wake Rahim aliileta kutoka ng'ambo pamoja na rundo la disketi zenye mfumo endeshi wa bure. Mfumo endeshi ndio mwenye nyumba ndani ya kompyuta: ndio unaojua kama umeme upo, kama diski imejaa, kama ule waya uliopitishwa mpaka chumba cha baridi unaleta joto gani. Programu nyingine haziruhusiwi kushika waya. Zikitaka kujua jambo, zinauliza mfumo, nao unajibu kwa ukurasa mfupi. Ukurasa wenyewe ulikuja hivi:

umeme 1
joto -18
diski 41

Basi. Moja maana yake umeme upo, sifuri maana yake haupo. Luhende alipouona mara ya kwanza aliona aibu kwa niaba ya mashine. Mtu anakuja kukuuliza hali, unamtupia namba tatu usoni, wala hujamkaribisha. Na huo mfumo, kwa kuwa ulikuwa wa bure, ulikuja na maandishi yake yote ya ndani pamoja na ruhusa ya kila mtu kuyabadili. Wengine huisoma ruhusa kama hiyo wakapita. Luhende aliiona kama mwito.

Akaingia ndani ya mfumo, akauandikia upya namna ya kujibu. Baada ya wiki moja ukurasa ulisema: "Hali ya mashine asubuhi ya leo. Umeme, tunashukuru, upo. Joto la chumba cha baridi ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, nalo linaridhisha. Diski imejaa asilimia arobaini na moja, hivyo hakuna wasiwasi kwa sasa." Juu aliweka mstari wa nyota, chini mstari wa nyota. Rahim alifurahi mno. Akawa anawaita wageni ofisini na kuwasomea kwa sauti, na Luhende anasimama pembeni akitazama viatu vyake, kifua kimejaa.

Ndipo akaja Dorcas.

Dorcas alitoka Nansio kwa meli, ana miaka ishirini na sita na cheti kipya cha kompyuta kutoka Dar es Salaam, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuandika programu iitwayo Mlinzi. Kila baada ya nusu dakika Mlinzi angesoma ule ukurasa wa hali, na akiona umeme umekatika au joto linapanda, apige king'ora ili fundi akimbie kuwasha jenereta. Tani za minofu zilikuwa zinalala mle ndani. Wanunuzi wa ng'ambo walisema bila mlinzi wa namna hiyo hawanunui hata mkia.

"Shikamoo mzee," Dorcas alisema siku ya kwanza, akiinamia kioo.

"Marahaba, binti. Unaonaje ukurasa?"

"Ni mzuri sana, mzee. Ila namba ziko wapi?"

Luhende alimwonyesha kwa kidole: kumi na nane hii hapa, arobaini na moja hii hapa, kwa maneno kamili kama inavyotakiwa kwenye maandishi rasmi. Dorcas akaomba kwa adabu namba ziandikwe kwa tarakimu. Luhende akakubali. Dorcas akaandika Mlinzi wake achukue neno la kumi na saba, ambalo lilikuwa namba ya joto, mambo yakaenda vizuri mpaka Jumatatu, Luhende alipoona kwamba ukurasa hauna salamu ya kuanzia wiki. Akaongeza salamu. Mlinzi akaenda kwenye neno la kumi na saba, akakuta "tunashukuru", akaona hiyo si baridi ya kutosha, akapiga king'ora. Akina mama wa ukataji minofu wakatoka nje na mabuti yao na visu mkononi, wakasimama uani kutazama moto ulipo.

Alhamisi alipanga mistari ili maneno yote yaanzie usawa mmoja. King'ora. Wiki iliyofuata akaona "tunamshukuru Mungu" inapendeza zaidi kuliko "tunashukuru" tupu. King'ora tena, chai ikiwa mezani. Akina mama safari hiyo hawakuondoka. Walisema huyo ni Luhende anapamba.

"Mzee," Dorcas alisema, ameketi ubavuni pake na daftari, "naomba nikuulize. Huu ukurasa unaandikiwa nani?"

"Anayeuliza."

"Anayeuliza ni Mlinzi. Mlinzi si mtu. Ukimwekea kiti hakai, ukimpa maji hanywi."

"Leo anauliza Mlinzi, kesho anauliza bosi. Bosi nimpe tarakimu tupu?"

"Bosi mpe unavyopenda. Ila Mlinzi anahesabu maneno. Ukiongeza moja tu, anapotea."

Luhende alimwona binti huyu kama mtu aliyelelewa vizuri akaharibikia chuoni. Lakini alimpenda, maana alikuwa hapandishi sauti na alikuwa anamletea machungwa ya Ukerewe kila anapotoka kwao. Wakafikia mapatano. Kila mstari utaanza na neno moja la hukumu, "Nzuri" au "Mbaya", na baada ya neno hilo Luhende awe huru kupamba hadi mwisho wa mstari. Mlinzi atasoma neno la kwanza tu. Akikuta "Mbaya", anapiga.

"Neno la kwanza, mzee. Hilo usiliguse."

"Siligusi."

Wakajaribu kwa kuzima umeme. Mstari ukasema, "Mbaya: umeme umekatika." King'ora kikalia, Malimi fundi wa majokofu akakimbia kuwasha jenereta, wote wakapeana mikono. Zilibaki siku tisa majaribio ya Luhende yaishe, na siku ya mwisho ndiyo wanunuzi wangekuja kumtazama Mlinzi akifanya kazi. Rahim alikuwa amemwambia wazi: wakiridhika, mkataba uko mezani.

Ningependa kusema alilala vizuri siku hizo. Hakulala. Alikuwa akiona wageni wamesimama mbele ya kioo, bosi kando yao, umeme unazimwa, na kitu cha kwanza mashine yake inachotamka ni "Mbaya". Hujasema karibuni, hujasema poleni na safari, unafungua mdomo na "Mbaya". Mama yake kule Sengerema alipofiwa na mumewe, mtu aliyetumwa kumwarifu Luhende alikaa nusu saa akizungumzia mihogo kwanza. Huo ndio ustaarabu. Ijumaa, kabla ya ile Jumatatu ya wageni, Dorcas akiwa amepanda meli kwenda kwao, Luhende alifungua maandishi ya mfumo na kurekebisha mahali pamoja padogo.

Na dhamiri yake haikumsuta, hilo uniamini. Alijiuliza kama anavunja mapatano, akaona havunji. Neno la kwanza bado lilikuwa la hukumu, moja kati ya yale mawili waliyokubaliana. Na habari ya umeme ilikuwepo palepale, kamili, kwenye nafasi yake, baada ya "ila". Nani asiyejua kusoma mpaka baada ya "ila"?

Jumatatu saa nne asubuhi wageni walikuwa wawili, wazungu wenye makoti meupe na kalamu. Dorcas alikuwa ameshuka melini asubuhi hiyohiyo. Rahim akampungia Malimi mkono kupitia dirishani, Malimi akashusha swichi kubwa, kelele za majokofu zikafa. Kompyuta iliendelea kuwaka kwa betri yake. Wote wakaelekeza masikio juu.

Nusu dakika. Dakika moja. Ziwa lilikuwa linasikika likipiga mawe, jambo ambalo pale kiwandani hulisikii kamwe. Dakika ya tatu mgeni mmoja alitazama saa akaandika kitu. Dakika ya tano Rahim alisogea kwenye kioo na kusoma kwa sauti:

"Nzuri, ila umeme umekatika."

Akasoma tena, kimoyomoyo, akageuka. "Mbona imeandika? Hapa imesema umeme umekatika. Mimi nimeelewa."

"Wewe umeelewa, bosi," alisema Dorcas polepole. Macho yake yalikuwa kwenye neno la kwanza. "Mlinzi ameona nzuri, amepumzika."

Malimi alirudisha umeme. Rahim akazungumza na wageni kwa Kiingereza chake cha haraka, akacheka mwenyewe, akawaongoza kwenda kula. Wakakubali kutazama tena saa tisa alasiri, mara moja tu. Mlangoni Rahim alirudi hatua mbili. Hakuwa anacheka tena.

"Mlinzi ni kazi ya nani?"

Ilikuwa kazi ya Dorcas, kila mtu alijua. Dorcas alikuwa amekunja mikono juu ya daftari lake, na Luhende aliona kwamba binti huyu hatamtaja, kwa sababu mkubwa hatajwi mbele ya watu. Angebeba yeye. Angerudi Nansio na mzigo wake, na Luhende angebaki na mkataba, na mkewe asingejua lolote. Luhende alifungua mdomo.

"Bosi, kwa ujumla kazi inaendelea vizuri, Mlinzi ameandikwa kwa ustadi, na mashine yenyewe haina tatizo, ila..."

Akasikia sauti yake mwenyewe. Rahim alikuwa ameshaanza kugeuka kwenda kwa wageni, kwa sababu alikuwa amesikia "vizuri" na alikuwa na haraka. Luhende aliona aibu ya kweli.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimebadili ukurasa Ijumaa bila kumwambia. Mlinzi wa Dorcas ni mzima."

Habari haikuwa na salamu mbele wala mto wa kuegemea nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake habari mbaya kutoka kinywani mwake ikitembea kwa miguu yake yenyewe.

"Saa tisa," alisema Rahim, akaenda.

Wakaketi mbele ya kioo, Luhende kwenye kibodi. Alitegemea lawama, akawa tayari nazo. Dorcas alimenya chungwa, akampa nusu.

"Mzee, unajua Mlinzi angeweza kufundishwa kutafuta 'ila'."

"Basi mfundishe."

"Nikimfundisha leo, kesho utaandika 'isipokuwa'. Keshokutwa 'lakini'. Nakufahamu." Akala kipande. "Mfumo useme ukweli mtupu. Namba moja, mstari mmoja, leo na kesho na mwakani, ubaki hivyohivyo hata ukichosha macho. Adabu iandikiwe programu yake yenyewe. Hiyo isome namba za mfumo, iwakaribishe watu, iwape pole, iweke na nyota zako. Ukiibadili kila siku, king'ora hakitajali."

Luhende alitafuna chungwa. Aliona jambo ambalo lilimuuma kidogo, kwamba binti yule hakuwahi kusema ukurasa wake ni mbaya. Alikuwa akisema tu kwamba umekaa mahali pasipo pake.

Akaanza kufuta. Nyota zilitoka, salamu ikatoka, "tunashukuru" ikatoka. Alipofika kwenye "linaridhisha" alisita, Dorcas akatazama dirishani ili asimwone. Saa nane na nusu ukurasa ulikuwa umerudi kama ulivyozaliwa: umeme, joto, diski, na namba zake kando. Mlinzi akaandikwa kwa mistari michache, maana hakuwa tena na cha kuhesabu. Na kando, kwenye faili lake lenyewe, Luhende akaanza programu mpya, akaiita Mkarimu.

Saa tisa Malimi alishusha swichi. Ukurasa ukaandika "umeme 0". Kabla hujapepesa jicho mara tano, king'ora kikapaza, makorongo yote yaliyokuwa juu ya bati yanangoja utumbo wa samaki yakaruka kwa pamoja, na ndani ya jengo la ukataji hakuna mama hata mmoja aliyeinua kichwa. Walidhani Luhende anapamba.

Wageni walitia sahihi. Rahim aliwasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akasimama mlangoni mwa ofisi.

"Mzee Luhende, kesho njoo na picha mbili ndogo. Za mkataba." Akafikiri. "Na zile nyota zirudi, wageni wa wiki ijayo nimeshawasimulia."

"Zimesharudi, bosi. Mahali pengine."

Luhende alipanda baiskeli mpaka Mkolani akiwa na jambo moja kichwani. Bernadeta alikuwa sebuleni, anasahihisha madaftari ya darasa la tatu.

"Habari za kazi, Baba Kija?"

"Sikuwa nimeajiriwa," alisema Luhende, bado ameshika pampu ya baiskeli. "Miezi yote mitatu nilikuwa kwenye majaribio, sikukwambia. Na leo nimeharibu mbele ya wageni."

Bernadeta aliweka kalamu chini. Akainuka, akaja, akamwekea kiganja kwenye paji la uso kama anavyowafanyia wanafunzi wake. Halikuwa na moto. Akasubiri, kwa sababu alikuwa hajawahi kusikia habari ya mumewe ikianza na mwisho, na hakujua sasa upande wa pili kunakaa nini.

"Ila?" akauliza.

"Ila wameniajiri. Kesho napeleka picha."

Mwanamke huyo alikaa chini juu ya madaftari ya watoto wa watu na kutoa pumzi ndefu. Machozi yalimtoka kidogo, akayafuta na khanga, akaanza kucheka.

"Ya majaribio nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Ulisema umepata kazi, ukanyamaza. Tangu sabini na nane hujaniletea habari njema isiyo na 'ila' nyuma yake. Nikajua hiyo uliyoificha ni kubwa." Akamwangalia kwa makini. "Nilikuwa nasubiri ufike. Ila hivi ulivyoingia leo, moyo wangu nusura usimame. Hayo mambo ya kutupiana namba muachiane hukohuko na mashine zenu. Toka nje, uingie upya kama mtu."

Luhende akatoka, na pampu yake. Akasimama kizingitini kidogo, akapiga hodi.

"Karibu," alisema Bernadeta, ameshika tena kalamu. "Habari za kazi?"

"Nzuri," alisema Luhende.

Bernadeta hakuinua macho kwenye daftari. Alingoja.

"Ila nina njaa."

Ndipo akainuka kwenda kupakua ugali, kwa kuwa sasa habari ilikuwa imekamilika.